Mbio za Kuvutwa

Ukipita barabara ya Limuru Jumapili asubuhi ukakuta wanaume wazima wamezunguka boneti iliyo wazi, mikono nyuma, nyuso zimekunjamana, usipunguze mwendo kuwapa pole. Hakuna aliyeumia. Hao ni chama cha wenye magari ya mbio ya zamani, na hicho unachokiona ndicho kikao chenyewe. Wana katiba, wana mwenyekiti, wana mweka hazina, na wana faini ya anayechelewa. Faini hiyo, nasikia, ndiyo inayokipa chama uhai, maana humo kuchelewa si tabia ya mtu, ni tabia ya gari.

Mimi si mwanachama. Nalisema mapema kwa sababu muuza magazeti wetu ameshaanza kuniita mheshimiwa na kunipandishia bei. Mwanachama ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, mtu ambaye kabla ya kustaafu alikuwa na akili timamu na akiba benki. Siku hizi ana gari. Kampuni iliyolitengeneza sitaitaja, kwa kuwa sijui kama mawakili wa Uingereza nao hustaafu. Itoshe kusema ni la miaka ya sitini, lina viti viwili, paa lake ni turubai linalofungwa kwa vifungo vya shati, na ni fupi kiasi kwamba kwenye foleni, likiwa ubavuni mwa lori la changarawe, dereva anatazamana uso kwa uso na nati za gurudumu.

Mimi nina Probox. Ilipotoka bandarini ilikuwa nyeupe. Imebeba saruji, imebeba magunia ya viazi kutoka Kinangop, imebeba bibi harusi pamoja na shangazi zake wote, na haijawahi kuniuliza tunakwenda wapi. Shida yangu inaanzia hapo. Nimekitazama chama hiki kwa karibu kuliko nilivyotaka, nami naweza kukuapia kwamba magari ya kasi hayaendi popote bila gari la mizigo linaloyafuata nyuma. Wao wanaliita gari la msaada. Dereva wake hawamwiti chochote, wanampigia simu tu.

Simu yenyewe huja Jumamosi jioni, na ina adabu nyingi.

“Shemeji, habari za hapo? Mama watoto hajambo? Watoto je? Na kazi? Haya. Na lile gari lako, tairi ziko sawa?”

Mtu anayeulizia tairi zako baada ya kumaliza watoto wako, jua kesho utaamka mapema.

Chama kinajiita cha Afrika Mashariki nzima. Kuna mwanachama Kampala na mwingine Arusha, na wote wawili hufika mikutanoni kwa ndege. Wa Mombasa wanasemwa kwa huruma, kwa sauti ya chini, kwa sababu ya chumvi ya bahari. Gari la chuma cha zamani likilala Pwani, upepo wa kusi unalila taratibu kuanzia sakafuni, mpaka siku moja mwenyewe anakanyaga breki na kiatu chake kinaona lami. Waliobaki ni watu wa Nairobi na viunga vyake: daktari wa meno, wakili, mkulima wa chai, mzee mmoja Mhindi anayejua kila kitu na kwa hiyo hasemi chochote, na shemeji yangu, anayesema kwa niaba ya wote.

Safari zao zina ratiba iliyopigwa chapa. Saa moja, kukusanyika. Saa moja na nusu, kuondoka. Saa tatu, chai Naivasha. Ratiba hiyo huiandika katibu, mtu wa imani kubwa. Mimi huiweka kwenye kioo cha mbele nikijua kwamba saa tatu tutakuwa bado tunatafuta bisibisi.

Juma zima kabla ya safari, shemeji huleta fundi. Si fundi wa kawaida, kwa sababu hawa vijana wa siku hizi ukiwaonyesha kabureta wanatafuta pa kuchomeka kompyuta. Huyu ni mzee kutoka Kirinyaga Road, wa enzi zile mtaa unaitwa Grogan, na kazi yake anaifanya kwa mpira wa maji wenye urefu wa mkono. Gari la shemeji lina kabureta mbili, na kabureta mbili lazima zivute hewa sawasawa, la sivyo injini itakohoa. Basi mzee anaegemeza ncha moja ya mpira kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, ncha ya pili anaitia sikioni, anafumba macho. Anasikiliza mlio wa hewa. Anahamia ya pili. Anasikiliza. Anazungusha skrubu robo mzunguko. Anarudi ya kwanza. Wakati huo hakuna ruhusa ya kukohoa, kuongea wala kufungua geti. Dada yangu amezuiwa kuwasha mashine ya kusagia nyanya nyumbani kwake mwenyewe. Halafu anapita muuza mitungi ya gesi na pikipiki isiyo na ekzosi, mzee anafungua macho, anatema mate pembeni na kuanza upya. Malipo yake ni kwa saa.

Wala si kwamba anababaisha. Kabureta zile zilipangwa kiwandani na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari hiyo. Hewa huku ni nyepesi, petroli inayoingia ni ileile, hivyo injini inakunywa kuliko inavyoweza kuyeyusha na kutoa moshi mweusi nyuma. Mzee huirekebisha vizuri sana, ikalingana na Nairobi. Kisha Jumapili wanaipeleka Naivasha, ambako hakuna hata hatua mbili zilizo na kimo kimoja.

Wangepita barabara ya juu, ningesema afadhali. Lakini katiba, sijui ibara ya ngapi, inataka mandhari, na mandhari yako barabara ya chini, ile inayoshuka ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Mai Mahiu. Hiyo ilijengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hapo kwenye vibanda vya kuuzia ngozi za kondoo ndipo magari hupangwa kwa rangi ili yapigwe picha, mlima Longonot ukiwa nyuma. Probox huombwa isogee kidogo. Sogea tena. Tena kidogo. Katika albamu nzima ya chama mimi nimeonekana kama kivuli cha kioo cha pembeni.

Kushuka hakuna tatizo. Kila gari linaweza kushuka, hata mkokoteni. Chini kabisa, kando ya barabara, kuna kanisa dogo walilolijenga Waitaliano haohao mwaka 1942, nami husimama hapo kila safari kwa heshima, kwa sababu wajenzi wale walielewa jambo: kanisa wameliweka chini ya mlima, mahali ambapo mtu anahitaji sala kabla ya kuanza kupanda.

Kurudi ndiko kwenye hadithi. Saa nane mchana, jua la Mai Mahiu, malori ya kwenda Nairobi yamepangana yakipanda kwa gia ya kwanza, na katikati yake kuna msururu wa magari ya mbio yaliyotengenezwa yakimbie, yasipumzike, yapozwe na upepo. Upepo haupo. Injini inachemka, bomba la petroli linalopita juu yake linapata moto, na kadiri unavyopanda ndivyo petroli inavyochemka kwa joto dogo zaidi. Ikishageuka mvuke ndani ya bomba, pampu inavuta hewa tupu. Gari linapiga chafya mara moja, mara mbili, linanyamaza.

Shemeji hushuka akiwa mtulivu kabisa. Anafungua boneti. Ndani, kwenye bomba la petroli, kuna vibanio vya nguo, vya mbao, vimepangwa bega kwa bega kutoka pampu mpaka kabureta. Ni dawa ya wazee wa chama: eti mbao hunyonya joto la bomba. Mimi vibanio vile navijua. Ni vya dada yangu. Nyumbani kwao shuka zinakaushwa zikiwa zimewekewa mawe juu ya ua, na siku ya upepo jirani anarudishiwa taulo zake na wao wanarudishiwa zao, huku bomba la petroli likiwa limevaa vizuri kuliko kamba ya kuanikia.

“Litapoa tu,” anasema shemeji. “Tumwagie maji pampu.”

Maji ni yangu. Ni ya kunywa.

Kinachofuata unaweza kukitegemea kama saa. Kondakta wa matatu inayopanda anatoa kichwa dirishani: “Mzee, hiyo ni ya mtoto ama?” Mvulana wa boda boda anasimama, analizunguka gari, anauliza bei, anaambiwa, anawasha pikipiki yake kimyakimya na kwenda zake. Mwenyekiti anapita akipunga mkono, hawezi kusimama kwa sababu akisimama naye hataondoka. Mwisho kabisa shemeji ananitazama, kisha anatazama buti ya Probox, ambamo kuna kamba ya katani aliyoinunua mwenyewe na kuniletea kama zawadi ya Krismasi.

Nawe ungedhani mtu aliyekwama kwenye kona, lori la kontena likimpigia honi mgongoni, atafunga kamba upesi. Hapana. Kwanza anatoa kitambaa cha manjano, laini, cha kupangusia rangi. Anakizungusha kwenye bamba la mbele ili kamba isikwaruze kromu. Anakagua. Anakifungua, anakizungusha upya upande wa pili. Lori linapiga honi. “Dakika moja,” anaiambia kontena. Nikishaanza kumvuta ananipigia simu kutoka nyuma, kutoka umbali wa kamba: “Shemeji, punguza kidogo, kokoto zako zinarukia rangi.”

Kokoto zangu!

Sasa, huko nyuma, akiwa hana injini ya kusikiliza, ndipo anapopata nafasi ya kunisimulia historia. Anaweka simu kwenye spika na kuanza na 1953, mwaka ambao mbio za Safari zilianza, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Tukifika kona ya pili tuko 1963, wakati ambapo magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza mbio, na 1968 ambapo yalimaliza 7 vilevile. Hapo sauti yake inajaa fahari, na ninaelewa ni kwa nini: chama chao kikienda Naivasha hesabu haiko mbali na hiyo. Kisha anakuja Joginder Singh, aliyeshinda 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant ndani ya Volvo, akaja kushinda tena 1974 na 1976. Kisha Datsun 240Z, iliyoshinda 1971 na 1973. Hiyo ya 1973 anaipenda zaidi, kwa sababu Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa na alama sawasawa, na Mehta akapewa ushindi kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi bila kupata adhabu. Mehta akaja kushinda tena mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Hadithi hizi ni za kweli, na ni nzuri, na mtu akizisikia mara ya kwanza damu humsisimka. Lakini mimi huwa na swali ambalo sijaliuliza kwa sababu ya heshima ya ukwe. Lile Volvo la Joginder Singh lilikuwa limeshatumika kabla hajalipata. Mtumba! Alilipitisha kwenye matope ya mvua za Pasaka, juu ya mawe, gizani, na kulirudisha likiwa na sura ambayo chama cha shemeji kisingeiruhusu hata kuegesha karibu. Magari wanayoyaabudu yalipata utukufu kwa kuchafuka. Ya kwao yana kitambaa cha manjano.

Tazama maandalizi ya maonyesho ya Concours d'Elegance, yale ambayo chama cha wenye Alfa Romeo wa Kenya kilianza kuyaandaa 1970 na ambayo huwaleta watu kwa maelfu kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Mimi mwenyewe naenda, chakula kipo na watoto wanapenda. Waamuzi hukagua nje, ndani, injini, na chini ya gari. Nasema tena: chini ya gari. Kwa hiyo mwezi mzima shemeji analala chali kwenye gunia akisugua ekseli kwa mswaki, na pembeni kwa pamba za masikio, mpaka mahali ambapo Mungu aliumba pawe pa tope panang'aa kuliko sahani za dada yangu. Daktari wa meno wa chama ndiye mshauri wa miswaki. Anasema ya nywele laini haikwaruzi. Wajukuu wa shemeji wanasema ya kwao ilikuwa laini pia.

Halafu kuna serikali. Serikali yetu hairuhusu mtumba uliozidi miaka 8 uingizwe nchini, kwa maelezo kwamba gari lililozeeka linachafua hewa na linahatarisha maisha. Nakubali. Ila Jumapili hiyohiyo waheshimiwa wanakaa jukwaani chini ya mwavuli wakipigia makofi gari la miaka 60 lililofika uwanjani likiwa mgongoni mwa lori, likashushwa nyuma ya mabanda ya farasi mahali pasipoonekana, na kuingia uwanjani kwa nguvu zake lenyewe, mita mia mbili, moshi mweusi ukilifuata. Probox yangu, iliyokuja kwa kufuata sheria na kuleta viti, mahema na sufuria ya pilau, iko maegesho ya nje kwenye vumbi. Na kiingilio nimelipa.

Wala usifikiri huu ni umaskini wa chama cha shemeji peke yake. Angalia Safari ya magari ya zamani iliyoanza 2003, ile ya matajiri wa dunia wenye Porsche 911. Mbio hizo ni za kweli, kilomita maelfu, na nawavulia kofia. Lakini simama kando ya barabara Taita au Amboseli uhesabu kinachopita. Linapita gari moja la zamani, vumbi, mlio, watu wanashangilia. Kisha zinapita pikapu zake, mpya, zimesheheni tairi, giaboksi, mafundi na jiko. Hakuna anayezishangilia. Hakuna mtoto aliyewahi kuchora pikapu ya spea kwenye daftari lake. Mimi nilisimama nikazipungia mkono zote, na dereva mmoja akanipigia honi kwa namna ambayo ni sisi wawili tu tuliielewa.

Nisiwe mchoyo wa maneno. Zipo dakika, hasa alfajiri kabla jua halijashika kasi, ambapo lile gari la shemeji linawaka kwa jaribio la kwanza. Injini inakohoa, inashika, inatulia kwenye mngurumo mzito ulio sawa, ule ambao mzee wa Kirinyaga Road ameutafuta juma zima kwa sikio lake. Mzee yupo, amesimama kwenye geti, mpira wake shingoni, hatabasamu lakini hataondoka. Dada yangu anatoka na kikombe cha chai. Hata mbwa ananyamaza. Probox yangu haijawahi kumtoa mtu kitandani. Dakika hizo nazikubali, tena ningezilipia. Ninachokataa ni zile saa tisa zinazofuata.

Sasa wameniandikia barua. Barua ya heshima, yenye nembo, imesainiwa na katibu. Inasema kwamba kamati, kwa kutambua mchango wangu, imenipa hadhi ya mwanachama mshiriki. Nikasoma kifungu cha kwanza nikajisikia vizuri. Kifungu cha pili kinataja ada ya mwaka. Kifungu cha tatu kinasema mwanachama mshiriki hana kura. Kifungu cha nne, na hiki naamini kina mkono wa shemeji, kinaniomba kwa upole nipeleke Probox ikanyooshwe bodi na kupakwa rangi kabla ya safari ya Nakuru, “ili mwonekano wa msafara usiathirike.”

Nimejibu. Nami nimeweka nembo, nimeichora kwa mkono: kamba ya katani iliyopigwa fundo. Nimeambatisha orodha ya bei. Kuvuta kwenye tambarare, bei ya kawaida. Kuvuta kutoka Mai Mahiu hadi juu, maradufu. Kusubiri kitambaa cha manjano kifungwe, kwa dakika. Maji ya kumwagia pampu, kwa chupa, na chupa irudishwe. Vibanio vya nguo virudishwe kwa mwenyewe kabla ya Ijumaa, ndiyo siku yake ya kufua. Na yeyote atakayenipigia simu kutoka nyuma ya kamba kunisimulia Joginder Singh alivyoshinda 1965 atalipia muda wa maongezi, kwa kiwango kilekile anachotoza mzee wa Kirinyaga Road, na kona zote zitahesabiwa.